Mwewe, Deni na Wembe: Usawiri wa Ndege Mwindaji katika Matini za Nchi ya Chai

IKISIRI
Makala haya yanachunguza jinsi ndege wawindaji, yaani kozi, kipanga, mwewe na tai, wanavyosawiriwa katika matini zinazohusiana na nyanda za chai za Kericho na Bomet pamoja na majirani zao. Matini zinazoshughulikiwa ni ngano ya kuku na mwewe, methali ya pwani kuhusu kozi, mfumo wa alama za koo za Wanandi na Wakipsigis, na maandishi ya Richard Meinertzhagen, askari wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa vitabu vya ndege. Hoja kuu ni kwamba uwindaji wa ndege hauna maana moja katika fasihi. Kila matini huupa sababu yake: deni, hiari, udugu au asili. Mhakiki anayezichanganya sababu hizi huishia kurudia, bila kujua, lugha ya yule anayekusudia kumshtaki.

1.0 UTANGULIZI
Msafiri anayetoka Kericho kupitia Litein hadi Sotik hawezi kukosa kumwona tai mwenye kishungi kirefu akiwa juu ya nguzo au mkaratusi ulio kando ya shamba la chai. Tai huyu hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha hujiachilia chini na kuinuka na panya kuchani. Angani huzunguka mwewe mwenye mkia wa panda, ambaye akina mama wa mabomani humjua zaidi kwa hasara anayowatia wakati wa kulea vifaranga. Ndani ya msitu wa Mau yumo tai mkubwa anayewinda hata nyani wadogo. Kwa hiyo uwindaji wa ndege, kwa mwenyeji wa sehemu hizi, ni jambo la kila siku kabla haujawa taswira ya kifasihi.

Licha ya hayo, uhakiki wa hurafa katika vyuo na shule zetu umekuwa na mazoea ya kumfasiri ndege huyu kwa njia moja. Mwewe husemwa kuwa ni mkoloni, mwajiri au mtawala dhalimu. Kuku husemwa kuwa ni mwananchi, kibarua au mkulima mdogo. Ufasiri huu haukuzuka bila sababu. Nchi ya chai ina historia ambayo huuita. Mwaka 1905 majeshi ya Kiingereza yaliwashambulia Wakipsigis wa Sotik na baadaye Wanandi, na maelfu ya mifugo yakatwaliwa. Katika miaka ya 1920 kampuni za kigeni zilianza kilimo kikubwa cha chai Kericho. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, mbali na nyumbani kwao. Msomaji mwenye historia hii kichwani akisikia habari ya mnyakuzi na mnyakuliwa, ni vigumu asifikirie ardhi.

Hata hivyo, ufasiri kuwa na chanzo cha haki si sawa na ufasiri kuwa sahihi. Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, matini zenyewe husema nini kuhusu kwa nini ndege huwinda? Majibu yanatofautiana kiasi kwamba usawa wa “mwewe ni mkoloni” hauwezi kuyabeba yote.

2.0 MAJINA NA TABIA
Kabla ya taswira kuna ndege. Kiswahili kina majina kadhaa ya ndege wala nyama, na mipaka ya majina hayo si migumu: kozi na kipanga hutumiwa kwa ndege wa aina zinazokaribiana, na katika mazungumzo ya bara neno mwewe mara nyingi huwakusanya wote. Lakini tabia zao za kuwinda zinatofautiana, na tofauti hizo zina uzito kwa mhakiki.

Kozi halisi, yule anayepatikana karibu duniani kote, huwinda ndege wenzake wakiwa hewani. Hupanda juu, hufunga mabawa, kisha hujitupa kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Mawindo hupigwa kwa miguu, na yasipokufa kwa pigo hilo, mdomo wenye kijino pembeni hukata uti wa shingo. Mwewe hana kasi hiyo wala hana haja nayo. Yeye ni mnyakuzi na mwokotaji: hula mizoga, hufuata moto wa nyika kutafuta wadudu wanaokimbia, hunyakua kifaranga, na wakati mwingine humpora ndege mwingine chakula alichokwisha kukamata. Tai wa kwenye nguzo ni wa tatu: huvizia kwa subira.

Hivyo basi kuna ujuzi, kuna unyakuzi na kuna uvizio. Mtunzi anayechagua kozi hachagui mwewe. Ushairi wa Kiingereza wa karne ya ishirini unalionyesha jambo hili vizuri. Katika shairi maarufu la W. B. Yeats, lililompa Chinua Achebe jina la riwaya yake ya mwaka 1958, kozi ni ndege aliyefunzwa ambaye hamsikii tena mfunzi wake; hofu inayoelezwa ni ya kukatika kwa utii. Katika shairi la Ted Hughes kuhusu mwewe aliyetua mtini, lililochapishwa mwaka 1960, ndege hana bwana kabisa na hujisemea mwenyewe kwamba dunia ni mali yake. Baadhi ya wahakiki walisikia humo sauti ya dikteta. Mshairi alijibu baadaye kwamba alikusudia asili yenyewe ikiwaza. Mzozo huo, kati ya siasa na asili, ndio utakaojitokeza tena hapa chini, ingawa kwa watu na ardhi tofauti.

3.0 UWINDAJI KAMA DENI: NGANO YA KUKU NA MWEWE
Ngano ya kuku na mwewe husimuliwa na jamii nyingi za Kenya. Mashamba ya chai yaliwaleta pamoja vibarua wa Kikipsigis, Kigusii, Kijaluo na Kiluhya, wakaishi katika laini za kampuni na kuzungumza Kiswahili. Ni mahali ambapo ngano kama hii ingeweza kupita kutoka mdomo hadi mdomo bila kuhitaji mkalimani. Kiini chake ni kifupi. Hapo zamani kuku na mwewe walikuwa marafiki. Kuku alimwazima mwewe wembe (katika matoleo mengine ni sindano), akaupoteza. Mwewe alidai chombo chake. Kuku akaahidi kukitafuta, na tangu siku hiyo huchakura ardhi. Mwewe naye akaapa kuchukua vifaranga mpaka atakapolipwa.

Kwa kawaida ngano hii huwekwa katika kundi la visasili vya usuli, kwa kuwa hueleza chanzo cha kuchakura kwa kuku na kunyakua kwa mwewe. Uainishaji huo ni sawa lakini hautoshi. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba msimulizi hakubali jibu jepesi kuliko yote, yaani kwamba mwewe hula vifaranga kwa kuwa ni mwewe. Ngano inakataa katakata kuufanya uwindaji uwe asili. Mahali pa asili inaweka mkataba: palikuwa na urafiki, palikuwa na chombo, palikuwa na uzembe, na sasa kuna madai.

Kutokana na hili, usawa wa mwewe na mkoloni unakumbana na kizuizi. Ikiwa mwewe ni mkoloni, basi kuku, ambaye ni mwananchi, alikopa na kupoteza. Na ikiwa alipoteza, basi mnyakuzi ana haki fulani. Hakuna mhakiki wa mrengo huo ambaye angependa kufikia hapo. Njia ya kawaida ya kukwepa ni kuuacha wembe kando na kushughulikia unyakuzi peke yake. Lakini wembe ndio kitovu cha ngano. Ukiuondoa, hakuna ngano iliyobaki. Kuna ndege tu anayekula ndege.

Ufasiri wenye nguvu zaidi hauukimbii wembe bali huuhesabu. Chombo kilichopotea ni kimoja. Vifaranga vilivyochukuliwa havina idadi. Mwewe hajaweka kiwango cha fidia, wala hakuna mwamuzi aliyeitwa kusema deni limekwisha. Mdai ndiye hakimu, ndiye askari na ndiye mpokeaji. Zaidi ya hayo, malipo anayoyachukua hayawezi kuliondoa deni, kwa sababu anayoyataka kwa maneno ni wembe, lakini anayoyala ni watoto. Kwa hiyo kejeli ya ngano haimo katika swali kama deni ni la kweli. Imo katika deni la kweli lililogeuzwa kuwa chakula cha kudumu. Hapo ndipo ngano inapokutana na nchi ya chai kwa njia ya ndani kuliko ile ya alama za moja kwa moja. Msikilizaji wa laini aliyepata kukatwa mshahara kwa ajili ya mkopo wa dukani, au mkulima mdogo aliyeona makato ya mbolea yakirudi kila msimu, hahitaji kuambiwa mwewe ni nani. Yeye anaijua tayari hali ya kuchakura.

Ni muhimu pia kumtazama kuku. Hurafa nyingi humpa mnyonge ujanja. Sungura hushinda kwa akili. Kuku wa ngano hii hana ujanja. Ana bidii tu, na bidii yake haina mwisho. Ngano haimsifu wala haimcheki. Inamwacha akichakura, na ukimya huo wa msimulizi ni mkali kuliko funzo lolote ambalo lingeongezwa mwishoni.

4.0 UWINDAJI KAMA HIARI: KOZI WA METHALI
Methali ya pwani husema: Kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege huyu ni stadi wa kukamata. Akilala bila kula, amependa mwenyewe. Methali hii hutumika kwa njia mbili zinazopingana. Inaweza kuwa lawama: mwenye uwezo asiyejishughulisha asilalamike. Inaweza pia kuwa sifa: mwenye uwezo hujizuia, na njaa yake ni ishara ya heshima, si ya unyonge.

Njia zote mbili zina msingi mmoja, nao ni kwamba uwindaji ni tendo la utashi. Kozi anaweza kuacha. Wazo hili halimo katika ngano ya mwewe, ambaye amejifunga kwa kiapo, na kwa hakika halimo katika nadharia yoyote inayomwona ndege kama mashine ya kuua. Methali inamtoa ndege katika asili na kumweka katika maadili. Kwa kufanya hivyo inampa mhakiki kipimo: mwenye nguvu huulizwa kwa nini amewinda kama vile anavyoulizwa kwa nini hakuwinda.

Kipimo hiki kinafanana na kile kinachotumika katika “Mamba”, shairi la Abdilatif Abdalla lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973). Huko mnyama mla nyama husawiriwa akijigamba, na nafsineni humkumbusha kwamba nguvu zake zina mwisho. Mamba hawezi kujitetea kwa kusema ndivyo alivyoumbwa, maana kosa lake si meno. Ni majivuno. Alamin Mazrui, katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), alichukua njia nyingine: aliwaweka jukwaani wafanyakazi wa shamba na mwenye shamba wakiwa binadamu watupu, bila ngozi ya mnyama wala manyoya. Watunzi hawa wawili hawakubaliani katika mbinu, lakini wanakubaliana katika jambo moja: unyonyaji una mtendaji, na mtendaji ana hiari.

5.0 UWINDAJI NA UDUGU: NDEGE WA UKOO
A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka 1909, aliorodhesha koo na wanyama wao. Talai ni simba. Sokom ni ndege wa jamii ya mwewe. Mfumo huu wa koo zenye tiondo, yaani mnyama wa ukoo, upo pia miongoni mwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet. Mtu wa ukoo alipaswa kujiepusha na kumdhuru mnyama wake.

Data hizi hupuuzwa na wahakiki wa fasihi kwa kudhani ni za wanaanthropolojia. Kupuuza huko kuna gharama. Ngano ya kuku na mwewe isimuliwapo mbele ya hadhira yenye mtu ambaye mwewe ni ndugu wa ukoo wake, haiwezi kupokelewa kama hadithi ya adui wa nje. Madai ya mwewe yanasikika kutoka upande wa pili wa jiko. Ciarunji Chesaina, katika mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya Wakalenjin uliotoka mwaka 1991, aliiweka fasihi hiyo ndani ya maisha ya jamii inayoitumia; somo la mbinu hiyo ni kwamba hadhira ni sehemu ya matini. Hadhira yenye watu wa ndege huyu humfanya mwewe awe jamaa mkali anayedai chake kupita kiasi, jambo ambalo kila ukoo unalifahamu.

Hapa uwindaji hauhukumiwi kwanza wala hausifiwi. Unawekewa mipaka na ujamaa. Ndege na mtu wanashiriki jina, na kushiriki jina kunamzuia mtu kumfanya ndege kuwa alama tupu ya uovu.

6.0 UWINDAJI KAMA ASILI: MEINERTZHAGEN
Matini ya nne inatoka kwa mtu ambaye historia ya nyanda hizi haiwezi kumwacha. Richard Meinertzhagen alikuwa ofisa wa jeshi la Kiingereza katika Afrika Mashariki. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano uliokuwa umepangwa kuwa wa suluhu, alimpiga risasi na kumuua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi. Ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa kiongozi miongoni mwa Wakipsigis, alihamishwa na serikali mwaka 1914. Na miaka 20 baadaye sheria ya 1934 ikawaangukia watu wa ukoo mzima.

Meinertzhagen alichapisha shajara yake ya Kenya ya miaka ya 1902 hadi 1906 mwaka 1957, nchi ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari. Miaka miwili baadaye, 1959, alitoa kitabu kuhusu tabia za ndege wawindaji, ambacho kichwa chake huwaita ndege hao maharamia na wawindaji. Vitabu hivi viwili havisomwi pamoja. Kimoja hukaa katika rafu ya historia, kingine katika rafu ya elimu ya viumbe. Vikisomwa pamoja, vinaonyesha mgawanyo wa lugha unaoshangaza.

Katika shajara, orodha za wanyama waliopigwa risasi na taarifa za mashambulizi dhidi ya watu zinafuatana. Mifugo ya Wanandi inapochukuliwa kwa maelfu, tendo hilo huitwa adhabu. Katika kitabu cha ndege, mwewe anayempora mwenzake samaki huitwa haramia. Yaani jina la jinai ya binadamu limepewa ndege, na tendo la binadamu limepewa jina la sheria. Tashihisi imekwenda upande mmoja tu.

Kifo cha Koitalel kinasimuliwa kwa mpangilio huo huo. Msimulizi hujiweka katika nafasi ya mwenye kuviziwa. Anadai alitarajia hila, akatangulia kwa wepesi. Simulizi za Wanandi husema Orkoiyot alikuja kwa amani na aliuawa akinyoosha mkono. Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuzingatia ni kwamba shajara imemgeuza mwindaji kuwa windo wakati ule ule wa kuua. Wepesi wa mkono unatolewa kama jambo la silika; na palipo na silika, swali la hiari, lile la kozi wa methali, haliulizwi tena.

Haidaiwi hapa kwamba kitabu cha 1959 kiliandikwa ili kutetea tendo la 1905. Linalodaiwa ni kwamba mtazamo ni mmoja: kuua ni tabia, na mwenye macho makali ndiye mwenye haki ya kuieleza. Ndiyo maana uaminifu wa macho hayo ni suala la kihakiki. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya ndege waliokaushwa katika mkusanyo wa Meinertzhagen walikuwa na maelezo ya uongo. Mwaka 2003 Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walithibitisha kwamba udanganyifu ulikuwa mpana: vielelezo vya watu wengine vilikuwa vimechukuliwa na kubandikwa lebo mpya zenye mahali na tarehe zisizo za kweli. Mtu aliyeandika juu ya maharamia wa angani alikuwa ameyapora makabati ya makumbusho.

Msimulizi wa namna hii, katika riwaya, angeitwa msimulizi asiyeaminika, na kila kauli yake ingepimwa. Kwa muda mrefu shajara yake haikupimwa hivyo. Ilinukuliwa kama ushahidi wa aliyekuwapo, huku simulizi za wazee wa Kinandi zikiitwa mapokeo. Kama mhakiki wa fasihi ana kazi yoyote katika historia ya nyanda hizi, basi kazi hiyo ni ya kuzisoma matini zote mbili kwa macho mamoja: zote ni usimulizi, zote zina nafsi, zote zina maslahi.

7.0 HITIMISHO
Imeonyeshwa kwamba matini nne zinatoa sababu nne za uwindaji. Ngano husema deni, methali husema hiari, mfumo wa koo husema udugu, na Meinertzhagen husema asili. Tatu za kwanza, pamoja na tofauti zake, zinamfanya ndege awe mtu anayeweza kuulizwa. Ya nne inamfanya mtu awe ndege asiyeulizwa.

Hapa ndipo palipo na hatari ya usawa wa “mwewe ni mkoloni”. Mhakiki anayesema hivyo hudhani amemshtaki mkoloni. Kwa kweli amempa utetezi, kwa sababu mwewe hana hatia ya kuwa mwewe. Mnyang'anyi wa ardhi akiitwa ndege, unyang'anyi wake huwa hali ya hewa: huzunguka juu, huja na kwenda, na wa chini hawana la kufanya ila kuwafunika vifaranga. Lakini watu wa Talai hawakuhamishwa na silika. Walihamishwa kwa sheria iliyoandikwa, ikasomwa na kutiwa saini.

Ngano ya kuku na mwewe ilikuwa imekwisha kulijua hilo. Haikuuliza ndege ana makucha ya namna gani. Iliuliza nani alimwazima nani, kitu gani, na nani amekaa kuhesabu malipo. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza, miaka 101 baada ya kuchukuliwa. Ni chombo kilichopatikana. Uhakiki wa fasihi ya nchi ya chai unapaswa kuanza na hesabu ya aina hiyo, kwa kuwa katika hadithi hii wembe mmoja umerudi kwa mwenyewe, na vifaranga bado havijahesabiwa.